Kiota Kina Mtu

[Jogoo anawika mara nne. Ni mlio wa simu. Anayepokea ananong'ona.]

CHIRIKU: Haloo... nani wewe? Ongea taratibu.

BABA: HALOO! Chiriku! Unanisikia?

CHIRIKU: Baba! Shikamoo, baba. Nakusikia sana, punguza—

BABA: Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona kama uko chumba cha wagonjwa? Umelazwa?

CHIRIKU: Sijalazwa. Nipo tu mahali.

BABA: Kila mtu yupo mahali. Wewe upo wapi?

CHIRIKU: Chuoni, ukumbini. Baba, nitakupigia jioni, sawa? Nakata—

BABA: Ukikata napiga tena.

CHIRIKU: Usipige tena! Tafadhali. Simu inawika kama jogoo na siwezi kuinyamazisha. Iko chini ya goti. Hapa nimepokea kwa kidole cha mguu.

BABA: Kidole cha— [mtandao unakwaruza] —cha mguu? Mikono imefanya nini?

CHIRIKU: Imebanwa.

BABA: Nani kakubana? Chiriku! Nitajie huyo mtu nije sasa hivi!

CHIRIKU: Hakuna mtu, baba. Nimejibana mwenyewe. Sikiliza, kama lazima tuongee, ongea kama mtu anayesali. Sikio la simu limekufa, iliangukia kwenye ndoo ya maji. Siku hizi inasikika kwa spika tu. Hapa ukumbi mzima—

[Makofi ya watu wengi.]

BABA: Huko kwenu mvua inanyesha?

CHIRIKU: Siyo mvua. Ni makofi.

BABA: Wanampigia nani?

CHIRIKU: Nadhani wanakupigia wewe.

BABA: Mimi? Nimefanya nini?

CHIRIKU: Umeongea.

BABA: Hebu tulia. Nieleze kwa mpangilio. Umebanwa ndani ya nini?

CHIRIKU: Ndani ya kiota.

BABA: Cha kuku?

CHIRIKU: Cha mnana. Yule ndege wa manjano anayefuma nyasi.

BABA: Mnana namjua, wamejaa pale nyuma ya choo. Mnana anaenea kwenye kiganja. Wewe umeingiaje?

CHIRIKU: Nimekitengeneza kikubwa.

BABA: Kikubwa kama nini?

CHIRIKU: Kama mimi nikijikunja. Kimening'inia kwenye boriti, juu ya vichwa vya watu. Tundu la kuingilia liko chini, kama la mnana mwenyewe. Nilipanda saa saba kuweka sufi ndani, kumalizia tu, dakika tano. Mara nikasikia ngazi inaondoka.

BABA: Ngazi inaondokaje yenyewe?

CHIRIKU: Msimamizi wa ukumbi kaichukua akatundike bango. Hakujua nimo. Kabla sijaita, milango ikafunguliwa, wageni hao ndani. Sasa hivi saa nane na nusu.

BABA: Si upige kelele! Wewe tumekuita Chiriku tangu una miaka miwili kwa sababu ya huo mdomo, leo ndiyo umepata haya?

CHIRIKU: Siwezi, baba. Ni mtihani. Mtihani wa mwisho wa mwaka. Mwalimu katoa sharti: msanii asionekane kwenye kazi yake, kazi ijisemee yenyewe. Ukionekana unarudia mwaka. Na pale ukutani nimebandika jina la kazi. Inaitwa "Tupu."

BABA: Tupu.

CHIRIKU: Ndiyo.

BABA: Na wewe umo.

CHIRIKU: Ndiyo, baba.

BABA: Subiri kwanza. Mtihani wa kuchora ramani za majengo unafanyikaje ndani ya kiota?

CHIRIKU: [anakwaruza kitu kwa kucha] —sikusikii vizuri, baba, mtandao—

BABA: Mtandao umenyooka. Nimekaa juu ya paa, mnara nauona kwa macho yangu. Jibu.

CHIRIKU: Sichori ramani tena. Niliacha mwaka jana. Nimehamia sanaa.

BABA: Sanaa ndiyo kazi gani?

CHIRIKU: Kutengeneza vitu.

BABA: Vya kufanyia nini?

CHIRIKU: Vya kutazamwa.

BABA: Vikishatazamwa?

CHIRIKU: Watu wanarudi nyumbani.

[Kicheko kizito cha mwanamume.]

BABA: Nani huyo anacheka?

CHIRIKU: Mgeni rasmi. Mkuu wa idara ya misitu. Naona viatu vyake vyeusi, vimechongoka. Mimi hapa kwenye tundu naona viatu tu.

BABA: Anacheka nini sasa?

CHIRIKU: Anadhani wewe ni sehemu ya kazi. Mwalimu anawaeleza kwamba hiyo ni sauti ya dume. Unajua kwa mnana, baba, dume ndiye anajenga. Jike anakuja kukagua. Akiridhika anaingia. Asiporidhika anaenda zake, na dume anafumua anaanza upya.

BABA: Kwa hiyo mimi ndiye dume.

CHIRIKU: Samahani, baba.

BABA: Waambie dume goti linamuuma.

[Kicheko. Makofi.]

CHIRIKU: Wamesikia wenyewe. Shh... Mgeni rasmi anakuuliza swali.

BABA: Ananiuliza mimi?

CHIRIKU: Anauliza, dume, umekaa hapo juu unangoja nini?

BABA: Mjibu namngoja binti yangu amalize kunidanganya.

[Makofi marefu.]

CHIRIKU: Baba, usijibu vizuri hivyo, hawataondoka! Aa! Jamani!

BABA: Nini?

CHIRIKU: Kuna bibi ananirushia biskuti kupitia tundu. Imenipata shingoni.

BABA: Umekula mchana?

CHIRIKU: Sijala.

BABA: Basi itafune.

CHIRIKU: Baba!

BABA: Chakula ni chakula. Tafuna. [Kitu kinavunjika mdomoni, polepole.] Haya. Sasa niambie, hicho kiota umekifuma kwa kitu gani? Waya? Plastiki?

CHIRIKU: [bado anatafuna]

BABA: Chiriku.

CHIRIKU: Nyasi.

BABA: Rudia.

CHIRIKU: Nyasi, baba.

BABA: Nyasi! Miaka thelathini naezeka nyumba za watu kwa nyasi. Vidole vyangu havinyooki. Mgongo ukiguswa nalia kama mtoto. Nikasema huyu binti, huyu mmoja tu niliyenaye, hatashika hata unyasi. Atashika penseli. Nikakupeleka shule. Na shule imekupeleka wapi? Ndani ya nyasi! Mzima mzima!

CHIRIKU: Baba, sauti—

BABA: Wasikie! Mimi mwenyewe nyasi nakaa juu yake, sijawahi hata siku moja kuingia ndani!

[Makofi.]

BABA: Na waache kupiga makofi!

[Makofi yanazidi.]

CHIRIKU: Nimepanua nyasi kidogo nachungulia. Mwalimu ametoa leso.

BABA: Ya nini?

CHIRIKU: Anafuta macho. Anasema dume anayelaani nyasi zake ni jambo zito.

BABA: Huyo mwalimu ana watoto?

CHIRIKU: Sijui.

BABA: Mm. [Anavuta pumzi. Mtandao unakwaruza.] Nyasi gani?

CHIRIKU: Eh?

BABA: Nimeuliza nyasi gani. Ndefu za mtoni, au zile fupi za mlimani?

CHIRIKU: Za mtoni. Nilizikata kabla hazijatoa maua.

BABA: Ukazianika?

CHIRIKU: Siku tisa. Kivulini.

BABA: Kivulini. Nani kakufundisha kivulini? Wengi wanaanika juani, zinakuwa kama bisi, ukizikunja zinakatika.

CHIRIKU: Wewe.

BABA: Mimi sijakufundisha kitu.

CHIRIKU: Nilikuwa nakaa juu ya vitita nakuangalia. Ukinifukuza niende kusoma, naangalia kupitia dirishani.

BABA: Na fundo?

CHIRIKU: Unazungusha mara mbili, halafu unachomeka chini.

BABA: Hilo langu.

CHIRIKU: Najua.

BABA: Linakaza?

CHIRIKU: Linakaza, baba.

BABA: Mm. Mm.

CHIRIKU: Lakini ulipiga kwa kheri?

BABA: Kheri tu. Nilitaka kujua kama u mzima.

CHIRIKU: Ni mzima. Basi baba, acha—

BABA: Na kingine.

CHIRIKU: Kipi?

BABA: Hapana, achana nacho. Siyo kitu cha kuongea na mtu aliye kwenye kiota.

CHIRIKU: Sema, baba.

BABA: Nimemaliza paa.

CHIRIKU: La nani?

BABA: Letu.

CHIRIKU: Letu? La nyumbani? Baba, si ulikuwa— [anasita] Subiri. Subiri kidogo. [Kwa sauti ya chini kabisa.] Jamani. Viatu vya kijani.

BABA: Vya nani?

CHIRIKU: Hakuna. [Akielekea chini, si kwa simu.] Mama. Nenda nje kidogo. Mama, tafadhali.

BABA: Umesema mama?

CHIRIKU: Nimesema mama yangu we! Unyasi umenichoma. Baba, tuongee mengine. Goti linaendeleaje?

BABA: Liache goti. Nakwambia nimemaliza paa. Lile lile lililomhamisha mama yako—

CHIRIKU: Baba, usi—

BABA: Usinikatize, nikikatizwa sitarudia. Kila masika mama yako alikuwa ananiambia, mume wangu, linavuja. Mimi namjibu, nikimaliza kazi ya watu. Nimeezeka hoteli. Nimeezeka nyumba ya mkuu wa shule. Nimeezeka mpaka banda la mbuzi wa yule jirani mwenye kelele—

CHIRIKU: Baba, kweli, hii simu iko kwenye spika!

BABA: Najua iko kwenye spika! Siwajui, hawanijui. Banda la mbuzi, Chiriku! Mbuzi wamelala pakavu miaka mitatu, mke wangu analala na sufuria kitandani.

[Ukumbi kimya.]

BABA: Na siku aliyoondoka hakugombana na mtu. Alimwaga maji ya sufuria nje, akaisugua, akaitundika mahali pake, akabeba begi akaenda kwa dada yake kwenye bati. Bora angenitukana. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia.

CHIRIKU: Baba...

BABA: Mara ya kwanza niliezeka kwa hasira, likapinda. Nikaezua. Mara ya pili nikaona upande wa jikoni umelegea. Nikaezua. Majirani wakaanza kusema fundi kachanganyikiwa, anaivua na kuivalisha nyumba kama mtoto wa kwenda shule. Hii ni ya tatu. Na imenyesha siku nne mfululizo. Nikaweka sufuria upande wake wa kitanda, pale pale. Asubuhi, kavu. Siku ya pili, kavu. Siku ya nne nimekaa kitandani naitazama sufuria kavu, nimefurahi, halafu nikaona sina wa kumwonyesha.

[Mtu anapenga kamasi.]

BABA: Nani huyo?

CHIRIKU: Mgeni rasmi.

BABA: Mpe pole. Sasa, ukionana na mama yako, usimwambie.

CHIRIKU: Nisimwambie nini?

BABA: Hayo yote. Mwambie tu umesikia paa halivuji. Umesikia kwa watu.

CHIRIKU: Sawa, baba. Kwa watu.

[Krrr.]

CHIRIKU: Mamaaa!

BABA: Nini tena? Biskuti?

CHIRIKU: Kiota kimeshuka!

BABA: Kimeshuka vipi?

CHIRIKU: Kama upana wa kiganja. Kimeshuka, kikasimama. [Krrr.] Tena!

BABA: Umekitundika kwa kamba gani?

CHIRIKU: Nailoni.

BABA: NAILONI?

CHIRIKU: Mwalimu alitaka isionekane! Imepita juu ya boriti, ikashuka mpaka dirishani, nikaifunga kwenye nondo.

BABA: Kwa fundo lile lile?

CHIRIKU: Lile lile!

BABA: Fundo lile ni la mkonge, mwanangu! Mkonge una vinyweleo, unang'ang'ania. Nailoni ni sabuni!

CHIRIKU: Wanapiga makofi, baba, wanadhani kiota kinapumua—

BABA: Hapo chini sakafu ni ya nini?

CHIRIKU: Saruji. [Krrr.]

BABA: Basi sahau mtihani. Piga kelele aje mtu.

CHIRIKU: Nitarudia mwaka!

BABA: Urudie una miguu miwili! Piga kelele!

CHIRIKU: [kwa sauti kubwa] JAMANI! NIMO! KIOTA KINA MTU!

[Ukumbi unalipuka kwa makofi na vigelegele.]

CHIRIKU: Baba, wamefurahi!

BABA: Ee Mungu. Nyie mliopo chini! Sikilizeni! Mimi siyo dume! Mimi ni baba yake! Fundo la dirishani linaachia! Mtu mmoja aende dirishani ashike kamba! Wewe wa misitu! Kamba!

CHIRIKU: Viatu vyeusi havisogei. Anapiga picha.

BABA: Anapiga picha!

CHIRIKU: Lakini viatu vya kijani vimeondoka. Vinakimbia.

BABA: Vinakimbilia mlangoni?

CHIRIKU: Dirishani.

BABA: Mwambie huyo mwenye viatu ashike kamba juu ya fundo, kwa mikono miwili, kisha—

CHIRIKU: Ameshashika.

BABA: —aizungushe kwenye nondo mara—

CHIRIKU: Ameshazungusha. Mara mbili.

BABA: Aegemee nyuma, aache uzito wa mwili—

CHIRIKU: Ameegemea. Kaweka mguu ukutani. Kimetulia, baba. Kiota kimetulia.

[Mtandao unakwaruza.]

BABA: Mguu gani?

CHIRIKU: Nini?

BABA: Kaweka mguu gani ukutani?

CHIRIKU: Wa kushoto.

BABA: Miaka kumi na tisa mama yako alinivutia vitita kutoka chini. Mafundi wenzangu walikuwa wanamcheka. Kila mtu anaweka mguu wa kulia, yeye wa kushoto.

CHIRIKU: Baba...

BABA: Ni yeye?

CHIRIKU: Ni yeye.

BABA: Yupo hapo tangu lini?

CHIRIKU: Tangu uliposema paa letu. Nilimwalika aje kuona kazi yangu.

BABA: Kwa hiyo amesikia—

CHIRIKU: Yote.

BABA: Na mbuzi?

CHIRIKU: Na mbuzi.

BABA: Mwambie... hapana. Mwambie ashushe taratibu, urefu wa mkono mmoja mmoja. Asiache kamba ikimbie kiganjani.

CHIRIKU: Anasema anajua.

BABA: Ndiyo. Anajua.

[Nyasi zinasuguana. Kishindo kidogo, laini.]

CHIRIKU: Nimefika chini.

BABA: Umeumia?

CHIRIKU: Miguu imekufa ganzi. Sufi imeniingia puani. Natoka, baba, usikate... [Kelele za watu. Chafya tatu.]

BABA: Haloo? Chiriku? Haloo?

CHIRIKU: Nipo. Nimetoka. Watu wamejipanga mstari wanataka kuingia nao. Mgeni rasmi kasema yeye kwanza.

BABA: Anaenea?

CHIRIKU: Ameingia mpaka kiunoni. Haendi mbele wala harudi.

BABA: Mwache hapo. Mwalimu anasemaje?

CHIRIKU: Anauliza sauti ya dume tumeifanyia mazoezi siku ngapi. Nimemwambia miaka thelathini.

BABA: Hilo siyo uongo. Na mtihani?

CHIRIKU: Ngoja. [Sauti za mbali, maneno hayashikiki.] Anasema nimevunja sharti, nimeonekana. Tena anasema hata asingeniona angenisikia. Lakini anasema pia kwamba tangu aanze kufundisha hajaona watu wakisimama mbele ya kazi ya mwanafunzi saa nzima bila kuulizia vinywaji. Hajui akate maksi au aongeze.

BABA: Achague moja.

CHIRIKU: Amechagua. Jina libadilishwe, hilo la sasa ni la uongo. Halafu kesho kiota kipandishwe tena, kwa kamba ya kuaminika, mpaka onyesho liishe Ijumaa. Kikishikilia, nimefaulu.

BABA: Umefaulu.

CHIRIKU: Kikishikilia, baba.

BABA: Kitashikilia. Mkonge mpya ninao, umebaki kwenye paa. Utaweka jina gani?

CHIRIKU: Sijui bado. Labda "Nyasi za Mtoni."

BABA: Hilo zuri. Mtu akilisoma anajua anatazama nini.

CHIRIKU: Hujanikasirikia?

BABA: Nimekukasirikia sana. Nikija nitakuonyesha kwa kina. Na uniwekee hicho kiota karibu na mwanga, nikione fundo kwa fundo.

[Tii. Sauti ya mashine: "Muda wako wa maongezi umebaki dakika moja."]

BABA: Salio hilo linaisha. Mama yako yuko wapi?

CHIRIKU: Hapa pembeni. Anapuliza viganja.

BABA: Kachubuka?

CHIRIKU: Kidogo.

BABA: Mpe— [anasita] Hapana, usimpe. Atakuwa amechoka.

CHIRIKU: Ameshanyoosha mkono, baba. Kwa heri, baba, ameichuku—

MAMA: Wewe.

BABA: Mimi.

MAMA: Hujambo?

BABA: Sijambo. Wewe je?

MAMA: Sijambo.

[Mbali, mwanamume anaomba avutwe miguu.]

BABA: Mikono?

MAMA: Itapona. Nailoni! Nani kamtia mtoto akili hiyo?

BABA: Siyo mimi.

MAMA: Najua siyo wewe.

BABA: Nakuja kesho asubuhi kufunga upya. Ila boriti iko juu, na huu mgongo... Nitahitaji mtu wa chini.

MAMA: Mtu wa chini nipo.

BABA: Na tukishamaliza hapo, kama utakuwa na nafasi, kuna lile paa. Siyo lazima uingie. Unaweza kulikagua kwa nje.

MAMA: Kwa nje nitaona nini? Paa linakaguliwa kwa ndani.

BABA: Basi kwa ndani.

MAMA: Tena usiku mmoja hautoshi, mpaka inyeshe. Sasa nisikilize vizuri, mume wangu, kabla haijakata. Kesho ukija, chonde usisahau kuniletea—

[Tii. Tii. Tii.]

BABA: Nilete nini? Haloo? Mama Chiriku! Haloo! Nikuletee nini?